Gari Kuukuu la Umeme: Je, Betri Itanifikisha?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimepata gari la umeme lililokwisha kutumika, Nissan Leaf la mwaka 2012, na bei yake ni nafuu kuliko ya gari lolote la petroli la umri huo nililoliona. Muuzaji anasema betri ni nzima, kwani dashibodi inaonyesha mistari 11 ya uwezo kati ya 12. Safari yangu ya kwenda kazini na kurudi ni kilometa 48, na nyumbani nina soketi karibu na maegesho. Jamaa zangu wananionya kuwa nitajitwisha mzigo. Je, wana haki?

JIBU: Ndugu msomaji, jamaa zako wana haki ya kuogopa, ila nadhani wanaogopa umri wa gari, ilhali kinachopaswa kupimwa ni umri wa betri yake, na hivyo viwili haviendi sambamba. Mota ya umeme haina oili ya kubadilisha, haina plagi wala mkanda wa injini, na kwa kuwa yenyewe husaidia kupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri, hata pedi za breki hudumu muda mrefu. Hapo kwa kweli unapata nafuu ambayo mwenye gari kuukuu la petroli haijui.

Sasa tuitazame ile mistari. Mstari wa kwanza haupotei mpaka betri ipoteze takriban asilimia 15 ya uwezo wake, na kila unaofuata huwakilisha takriban asilimia 6. Mistari 11 basi ina maana kwamba betri imebaki na kati ya asilimia 79 na 85, iwapo dashibodi inasema kweli. Nasema iwapo, kwa sababu kumbukumbu za kompyuta ya betri zinaweza kufutwa ili mistari yote irudi kwa muda, na mnunuzi akagundua hila hiyo wiki kadhaa baadaye. Ndiyo maana nakushauri usiiamini mistari peke yake. Chomeka kisomaji kidogo kwenye tundu la uchunguzi chini ya usukani, kisha utumie programu ya simu iitwayo LeafSpy, ambayo itakuonyesha afya ya betri kwa asilimia na volti za jozi zote 96 za seli, yaani vipande vidogo vinavyounda betri. Jozi moja ikiwa dhaifu kuliko wenzake, betri nzima huishiwa mapema, hata kama wastani wake unapendeza. Muuzaji akikataa kipimo hicho, mwachie gari lake.

Gari hilo lilipokuwa jipya, betri yake ya kilowati-saa 24 ililiwezesha kwenda kilometa 117 kwa kipimo rasmi cha Marekani. Tukichukua asilimia 80, zinabaki kilometa 94 hivi, na mwendo wa kasi au kipasha joto wakati wa baridi vitazipunguza zaidi. Kwa safari yako ya kilometa 48 zinatosha leo. Betri ikishuka hadi asilimia 60 utakuwa na kilometa 70, ambazo bado zitakufikisha, ila hutakuwa tena na nafasi ya kupitia kwingine bila kupiga hesabu. Uliza pia gari liliishi wapi, kwa kuwa betri hiyo haipozwi kwa maji, na joto kali, pamoja na kuachwa ikiwa imejaa muda mrefu, huizeesha haraka.

Kuhusu kuchaji haraka, usiutegemee sana CHAdeMO, mfumo wa kuchaji haraka ambao gari hili hutumia, maana magari mengi mapya ya Ulaya na Marekani hutumia mifumo mingine, na si kila gari la toleo hilo lilitengenezwa na tundu lake. Soketi ya nyumbani ndiyo itakayokuhudumia usiku kucha, hivyo fundi umeme aikague kwanza pamoja na nyaya zake.

Kwa maoni yangu, linunue ikiwa kipimo kitathibitisha mistari hiyo na ikiwa una njia nyingine ya kusafiri mbali, lakini lipa bei ya mtu anayejua kwamba betri itaendelea kupungua. Na siku gari likikataa kuwaka, kagua kwanza ile betri ndogo ya volti 12, ambayo mara nyingi ndiyo mkosaji.