Pesa alizotuma Mama nyumbani na fomu ya Medicaid

Msomaji wa Texas ameandika: mama yake yuko nasing homu (makao ya kuuguzia wazee na wagonjwa) tangu avunjike nyonga, Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, inakaribia kuacha kulipa, na afisa wa Medicaid, mpango wa serikali wa kulipia matibabu ya wenye kipato kidogo, anauliza dola 24,000 alizotuma Kisii miaka mitatu iliyopita zilikwenda wapi. "Kwani kusaidia ndugu ni kosa?"

Si kosa, ila kwenye fomu inaitwa zawadi.

Kwanza tutenganishe majina mawili yanayochanganya wengi. Medicare hulipia nasing homu kwa siku zisizozidi 100, tena baada ya mgonjwa kulazwa hospitali angalau siku tatu. Siku 20 za kwanza kikamilifu, zinazobaki mgonjwa anachangia. Ukaaji wa miaka hulipwa na Medicaid, nayo hutazama mfuko. Kwa mtu asiye na mwenzi, majimbo mengi yanataka akiba isizidi dola 2,000. Texas na Florida zina pia kikomo cha kipato: mwaka 2025 kilikuwa dola 2,901 kwa mwezi. Pensheni ikipita hapo hata kwa dola moja, hufunguliwa akaunti ya amana iitwayo Miller trust, kipato kikapitia humo kila mwezi. Wengi hukataliwa kwa kutolijua hilo tu.

Sasa zile dola 24,000. Sheria ya mwaka 2006 inaruhusu ofisi kurudi nyuma miezi 60 ikikagua kila kilichotolewa bure. Msinitajie kiwango cha zawadi kisichotozwa kodi; hicho ni cha watu wa kodi, Medicaid haikitambui. Tuseme jimbo linakadiria nasing homu kwa dola 8,000 kwa mwezi: 24,000 ni adhabu ya miezi mitatu ambayo Medicaid hailipi. Na miezi hiyo haihesabiwi tangu siku pesa zilipotumwa. Huanza mama akiwa tayari nasing homu, akiba imeshuka hadi kikomo, na ombi limeshafika. Anayechelewa kuomba kwa kuogopa adhabu anaisogeza mbele tu, na bili inapanda.

Utetezi upo, ila uwe wa karatasi. Onyesheni kwamba pesa zilitumwa kwa sababu isiyohusu Medicaid: risiti za dola 200 kila mwezi kwa dawa za bibi, zilizoanza mama akiwa mzima na kazini, zina uzito. Dola 15,000 zilizoondoka kwa mkupuo wiki mbili baada ya kiharusi hazina mtetezi. Aliyepokea akizirudisha, adhabu inaweza kufutwa. Majimbo mengine yanataka zirudi zote.

Wapo wanaojibu, "Hakumpa mtu, alikuwa anajijengea nyumba yake kule." Hapo umeruka majivu ukakanyaga moto. Nyumba yenye jina lake Kisii ni mali, na afisa atauliza kwa nini haiuzwi. Nyumba anayoishi Marekani ina kinga yake. Ya pili haina. Kama ardhi ni ya ukoo, leteni karatasi ya ofisi ya ardhi yenye jina la mwenye hati, na tafsiri ya Kiingereza.

Akaunti ya pamoja nayo ni mtego. Uliongeza jina lako kwa mama ili umlipie umeme, kisha mshahara wako ukaanza kuingia humo. Ofisi huzichukulia zote kuwa za mama mpaka uthibitishe zako kwa hati za mshahara. Tenganisheni kabla ya kuomba.

Akiba iliyozidi isigawiwe watoto. Ilipe madeni, bili ya nasing homu yenyewe, au mazishi kwa mkataba usioweza kuvunjwa. Binti anayemhudumia mama anaweza kulipwa, lakini mkataba uandikwe kabla ya kazi, kwa bei ya soko. "Nilimlea miaka minne" bila maandishi ni zawadi tena.

Jambo la mwisho ni ile rundo la karatasi za kumpokea mama, ambazo huwekwa mbele ya mtoto saa kumi na moja jioni huku kitanda kikisubiri. Sheria ya shirikisho inakataza nasing homu kumlazimisha ndugu awe mdhamini wa bili kama sharti la kumpokea mgonjwa. Ukiona mstari unaosema utalipa kwa pesa zako, ukate kwa kalamu. Kisha andika jina la mama, na chini yake "kwa niaba yake", ukitumia hati ya uwakilishi aliyoitia sahihi akili yake ikiwa timamu.