Kukimbia na mpira au kurusha pasi: uwiano haupimwi kwa nusu kwa nusu

Ndugu mleta mada, umeuliza kwa nini timu za NFL (ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani) zisirushe pasi kila mara ilhali pasi huleta yadi nyingi kuliko mbio, na kama ni lazima kuchanganya, je, uwiano unaofaa ni nusu kwa nusu? Umeuliza pia iwapo Seattle walikosea mwaka 2015 waliporusha pasi badala ya kukimbia wakiwa yadi 1 kutoka mstari wa kufunga, mwishoni mwa Super Bowl, yaani fainali ya ligi. Ninaishi Maryland, karibu na Baltimore, na kila msimu huwasaidia makocha wa shule moja ya sekondari kufundisha vijana watano wa mstari wa mbele, wale wanaomkinga kotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) na kumfungulia njia mkimbiaji. Nitajibu kwa ninayoyaona huko, na kwa yale ambayo Baltimore Ravens wametuonyesha sisi majirani zao.

Hesabu yako ni sahihi. Katika ligi ile mbio moja huleta wastani wa yadi 4 na kidogo, na pasi, hata ukishatoa yadi zinazopotea kotabeki anapoangushwa, huleta takriban 6. Mambo yalianza kuelekea huko hasa mwaka 1978, sheria zilipobadilishwa: walinzi wakazuiwa kumsukuma mpokeaji akishavuka yadi 5 kutoka mstari wa kuanzia, na wachezaji wa mstari wa mbele wakaruhusiwa kunyoosha mikono na kufungua viganja wanapomkinga kotabeki. Leo timu nyingi hurusha pasi karibu mara 6 katika kila mashambulizi 10, na sioni sababu ya kuzilaumu.

Hata hivyo wastani huo umetokana na timu ambazo wapinzani wao hawakujua kinachokuja. Ukiondoa shaka hiyo, pasi yenyewe hudhoofika, na anayeonja udhoofu huo wa kwanza ni kijana wa mstari wa mbele. Akijua kwamba ni lazima urushe, mpinzani anayemkabili hana haja ya kusoma chochote. Huinama, huchomoka mpira unapoguswa tu, na hushika njia fupi kuelekea kwa kotabeki. Kijana wetu anarudi nyuma huku mpinzani wake anakuja mbele kwa kasi yote, na baada ya mashambulizi kadhaa mfululizo ya namna hiyo huona miguu yake imechoka na mikono inachelewa. Ukimpa nafasi ya kukimbilia mbele na kumsukuma mtu, mpinzani yule huanza kusita hatua moja kabla ya kuja, na hatua hiyo moja ndiyo inayompa kotabeki muda wa kumwona mpokeaji wa pili.

Kwa hiyo uwiano ninaouamini ni ule wa kumlazimisha mlinzi ajiandae kwa mambo mawili wakati mmoja. Walinzi ni 11. Wakisogea 8 karibu na mpira, nyuma wanabaki 3 wa kulinda uwanja mpana, na hapo pasi ina nafasi. Wakirudi nyuma na kuacha 6 mbele, kila mmoja wao anaweza kupata mtu wa kumzuia, na mbio zina nafasi. Kotabeki mzuri huwahesabu kabla mpira haujaanza kuchezwa, na kocha mzuri humruhusu kubadilisha shambulizi pale pale. Hesabu hiyo ikikuambia urushe mara 45 katika mechi moja, rusha; ikikuambia ukimbie mara 40, kimbia.

Ravens wa mwaka 2019 walikuwa mfano bora wa jambo hili. Walikimbia yadi 3,296 katika msimu, rekodi ya ligi, na Lamar Jackson peke yake, ambaye ni kotabeki, alipata 1,206. Watu husahau kwamba msimu huo huo alirusha pasi 36 za tachidauni (bao la pointi 6), nyingi kuliko kotabeki yeyote. Mpangilio mmoja ulizaa mbio na pasi, na walinzi hawakuwa na dalili ya kushika. Kisha ikaja mechi ya mtoano ya Januari 2020 dhidi ya Tennessee Titans. Ravens walitanguliwa mapema, wakaanza kuikimbiza saa, Jackson akarusha mara 59, na timu iliyokuwa imeshinda mechi 14 ikafungwa 28 kwa 12.

Kilichoniuma zaidi ni Januari 2024, hapa hapa Baltimore, dhidi ya Kansas City Chiefs. Ravens walikuwa wameongoza ligi nzima kwa yadi za kukimbia. Walikwenda mapumziko wakiwa nyuma 17 kwa 7, yaani pointi 10 tu, na nusu nzima ya mchezo ilikuwa mbele yao. Katika mechi yote wakimbiaji wao, ukimtoa Jackson, walikabidhiwa mpira mara 6. Chiefs hawakupata pointi hata moja katika kipindi cha pili, na bado Ravens walishindwa 17 kwa 10. Ninaamini hadi leo kwamba pengo la pointi 10 mapema kiasi kile halikutosha kuitupa silaha iliyowafikisha pale.

Wapo wanaodai kwamba ni lazima ukimbie sana kwanza ndipo hadaa ya kujifanya unamkabidhi mkimbiaji ifanye kazi. Takwimu za ligi haziungi mkono dai hilo. Hadaa hufanikiwa hata kwa timu zinazokimbia mara chache. Uwanjani sababu inaonekana wazi: walinzi wa kati hufundishwa kusoma hatua ya kwanza ya mstari wa mbele, wala hawana muda wa kukumbuka umekimbia mara ngapi. Vijana wetu tunawasisitizia kwamba hatua ya kwanza na kimo cha kichwa vifanane katika mbio na katika hadaa, kwa sababu anayenyanyuka mapema amekwisha kuitangaza pasi. Katika NFL kazi hii ni ngumu zaidi, maana wachezaji hao hawaruhusiwi kwenda mbele zaidi ya yadi 1 kabla ya pasi kurushwa.

Philadelphia Eagles walionyesha vizuri jinsi walinzi wanaojiandaa kwa jambo moja wanavyoliachia nafasi lile lingine. Msimu wa 2024 mkimbiaji wao Saquon Barkley alikimbia yadi 2,005, na katika Super Bowl ya Februari 2025 Chiefs walijipanga kumzuia yeye. Walifaulu: mbio 25, yadi 57 tu. Lakini kotabeki wao Jalen Hurts alikamilisha pasi 17 kati ya 22, na Eagles wakashinda 40 kwa 22.

Saa nayo ina neno lake. Mkimbiaji akiangushwa ndani ya uwanja saa huendelea. Pasi isiyodakwa huisimamisha. Atlanta Falcons, katika Super Bowl ya Februari 2017 dhidi ya New England Patriots, waliongoza 28 kwa 3, na hata walipokaribiwa hadi 28 kwa 20 walikuwa katika yadi 22 ya New England, mahali ambapo teke moja lingewapa pointi 3. Walirudi kurusha, kotabeki akaangushwa yadi 12 nyuma, adhabu ikafuata, na nafasi ya teke ikapotea. Walifungwa 34 kwa 28 katika muda wa nyongeza. Pale mbio mbili zisizoleta hata yadi moja zingetosha.

Kuhusu Seattle, mimi siwalaumu kama wengi wanavyofanya. Walikuwa yadi 1 kutoka ushindi, jaribio la pili kati ya manne, sekunde 26, na walibakiwa na ruhusa moja tu ya kusimamisha saa. Wangekimbia mara tatu bila kufunga, muda ungeweza kuwaishia. Pasi moja isiyodakwa ingewaachia majaribio mawili zaidi ya kumpa mpira mkimbiaji wao Marshawn Lynch. Wazo la kurusha lilikuwa na msingi. Nisichokubaliana nacho ni mahali pasi ilipoelekezwa, katikati ya msongamano, ambapo Malcolm Butler, mlinzi wa New England, aliweza kumtangulia mpokeaji. Pembeni mwa uwanja, pasi iliyokosa ingetoka nje tu.