Mnaouliza hela ya kwenda Brazili tuliitoa wapi

Tangu nibandike picha zetu za Salvador, mji wa Brazili, simu haijapumzika. Wengi mmetupongeza, Mungu awabariki. Ila kuna dada mmoja kaniandikia: "Hivi kweli, watu na akili zenu, mnapanda ndege juu ya ndege kwenda Brazili kula bajia?" Nimecheka, nikakasirika, nikakaa kuandika.

Kwanza, ndiyo, bajia tulikula. Nitafika huko.

Wale tuliowafuata walikuwa jirani zetu Mbezi, mtu na mkewe, Wabrazili wote wawili, walikuja na kazi ya mradi. Nilipojifungua mtoto wa pili kwa shida, huyo mama ndiye aliyekesha na mimi hospitali, wakati baadhi ya ndugu wenye maneno mengi leo kuhusu safari yetu walituma salamu tu. Nimesema, na sifuti. Walipohamishwa kurudi kwao tuliwaahidi kwamba tutawafuata. Kila mwaka tukawa tunasema mwakani, mwakani, mpaka mume wangu, mzee wangu huyu, akasema tutazikwa na hiyo mwakani.

Kwa hiyo mke na mume, fungueni akaunti ya safari, isiyo na kadi. Mshahara ukitoka, wekeni kabla hamjasikia shida ya mtu. Sisi tulijibana mpaka nyumba yetu ya Kibada ikasubiri paa, na mawifi wakaitisha kikao kizima kuhusu hilo paa. Paa limeshaezekwa. Walioitisha kikao bado hawajaja kuliona.

Njiani hakuna la kusimulia. Addis Ababa, halafu São Paulo, pale unachukua mizigo yako mwenyewe na kuikabidhi tena kwa ndege ya ndani. Kule Salvador wako nyuma yetu kwa saa 6, basi siku za mwanzo mzee alikuwa anaamka usiku wa manane akidai chai.

Sasa shikeni hili: mkienda kwa rafiki, pangeni chumba chenu, hata kama nyumba yake ina vyumba vya kugawa. Shoga yangu alinuna kweli, Kiswahili chake chote cha Mbezi kikamrudi siku hiyo. Nikamwambia, nimekuja kukuona, sikuja kukuchosha. Tulipanga mtaa wa Barra, mwendo wa miguu mpaka kwao. Asubuhi tunaoga bahari Porto da Barra, maji yametulia kwa sababu ufuo ule umeelekea ndani ya ghuba. Jioni jua linazama humohumo majini, jambo ambalo sisi wa Dar tuliozoea kuliona likichomoza baharini lilitushangaza, na watu wanakaa ukutani kulitazama mpaka liishe. Mzee wangu, mtu wa Kigoma asiyeshika mkono wa mke barabarani, alinishika mkono pale. Mngekuwa sebuleni kwa watu, mnaangalia televisheni na watoto wao, lingetokea wapi hilo?

Haya, bajia. Wanaiita acarajé. Mama amekaa barabarani na meza yake, gauni jeupe la lesi, kilemba, shanga. Kunde zimemenywa na kusagwa na kitunguu, anazipiga kwa mwiko mpaka zinaumuka, anachota, anatumbukiza kwenye mafuta yanayochemka. Mzee alisimama kabla hatujafika. Alinusa tu. "Haya ni mawese." Ndiyo, mawese, yaliyovuka bahari pamoja na watumwa kutoka Afrika Magharibi. Mama anaipasua, anaijaza uduvi, bamia na kachumbari, anakuuliza "quente?" Maana yake anataka kujua kama akupakie pilipili. Mzee akaitikia kwa mbwembwe. Alitoka jasho mpaka shoga yangu akamwonea huruma. Kazi hiyo ya kina mama, serikali yao iliiandikisha kama urithi wa taifa mwaka 2005, na sisi huku mgambo anamwaga bajia za watu.

Siku nyingine walitupandisha lifti ya Lacerda, inayounganisha mji wa chini na mji wa juu tangu 1873. Mwaka huohuo ndio soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa. Brazili walisubiri mpaka 1888 kukomesha utumwa. Juu kule ni Pelourinho, nyumba za rangi rangi na ngoma, na jina ni la nguzo walipochapiwa watumwa. Hatukupiga picha nyingi pale.

Narudia, chumba chenu. Ndoa nyingi zinachakaa kwa sababu wawili hawajawahi kukaa pamoja bila mtoto, bila msiba, bila harusi ya mtu. Mnachangia sherehe za wenzenu kila mwezi, ya kwenu wenyewe mnaona aibu! Na marafiki wanazeeka. Yule jirani yetu sasa anatembea kwa fimbo. Msinisubirishe nihubiri zaidi.

Aliyeuliza zawadi: kanga na majani ya chai, walilia. Kuhusu malipo, wenyeji wanalipana kwa Pix, kama sisi na M-Pesa, ila inadai namba yao ya mlipakodi, hivyo bebeni kadi ya benki na reali, pesa yao, za mkononi. Na chanjo ya homa ya manjano chomeni angalau siku 10 kabla, kwa sababu mkirudi kutoka Brazili, kadi ya chanjo mtaulizwa uwanjani.