Rodi haina macho: kupanua nyuma ya fremu ya zamani

Mwaka jana nilitoka soko la Gikomba, Nairobi, na fremu ya chuma ya baiskeli ya mashindano, ya enzi za gia tano, nikijiona nimeokota dhahabu. Nyumbani nilikuwa na gurudumu la nyuma la gia nane. Likakataa kuingia. Midomo ya nyuma, yaani vile vibati viwili vyenye mwanya ambamo ekseli hukaa, ilikuwa imeachana milimita 120, na gurudumu lilitaka 130.

Ndivyo fremu za mashindano zilivyotengenezwa: gia tano 120, gia sita na saba 126, kuanzia nane ni 130. Baiskeli nyingi za milimani za zamani ni 135. Pima kati ya nyuso za ndani za midomo kabla hujanunua gurudumu. Ukiwa na 126 na unataka 130, wengi hutanua kwa mikono kila wanapotia gurudumu, na fremu haidhuriki. Mimi silipendi hilo. Upate pancha Jogoo Road jioni, mvua inanyesha, matatu zinakupigia honi, utatamani mkono wa tatu.

Ila shika sumaku kwanza. Isiponasa, huenda fremu ni ya alumini au kaboni. Hizo hazikunjwi, hupasuka.

Sasa kosa langu. Nilinunua rodi ya milimita 10 yenye nyuzi za nati urefu wote, nikaipitisha kwenye midomo, nati na washa kwa ndani kila upande, nikashika spana. Chuma ni kikaidi: unakisukuma hadi 135, ukilegeza kinarudi 120 kana kwamba hukufanya kitu. Nikaenda hadi karibu 155 ndipo kikabaki 130. Nikashangilia mapema. Gurudumu lilipoingia, tairi lilikuwa limeegemea upande wa cheni.

Nikaibeba hadi kwa fundi mmoja Kariobangi.

"Mzee, rodi imeniangusha."

"Kijana, rodi haina macho. Husukuma palipo laini."

Palipo laini ni bomba la chini la kulia, litokalo penye pedeli hadi mdomo wa nyuma, lililobonyezwa kiwandani ili kupisha meno ya mbele. Mpindo wote ulienda huko. Mzee akafunga uzi kwenye mdomo mmoja, akauzungusha mbele ya bomba la usukani, akaurudisha hadi mdomo wa pili na kuuvuta ukakaza. Kisha akapima kutoka uzi hadi bomba la siti: kushoto milimita 30, kulia 36. Zinatakiwa zilingane. Akachukua ubao wa inchi mbili kwa nne, akauegemeza kwenye bomba la siti lililofungwa kitambaa, akasukuma bomba la kushoto nje, halafu akalirudisha la kulia ndani. Kila akisukuma kidogo, anarudi kwenye uzi. Ilichukua karibu saa nzima, na nusu ya muda huo alikuwa anapima tu.

Siku hizi rodi yangu inashikilia ndoo ya maua. Natumia ubao, upande mmoja kwa wakati, na ninakagua rangi penye kiungo cha breki ya nyuma: ikianza kupasuka, naacha.

Midomo ikishapanuka haitazamani tena sawasawa, na ukikaza ekseli hivyo itapinda, hata kukatika. Funga boliti ndefu katika kila mdomo, ncha zielekeane katikati. Zisipokutana, kunja mdomo taratibu kwa spana malaya. Kile kisikio kinachobeba kifaa cha kubadilishia gia nacho kinyooshwe, la sivyo gia zitaruka.

Tairi likikaa upande hata baada ya hayo, usiilaumu fremu haraka. Toa gurudumu, ligeuze kushoto kuwa kulia, lirudishe. Likiegemea upande uleule wa fremu, rudi kwenye uzi. Likihamia upande wa pili, fremu yako ni nzima; kaza spoki.