Chai Nzito ya Pasaka: Shangazi Anajibu

Shangazi, naalika ndugu Jumapili ya Pasaka. Wengine watakesha kanisani Jumamosi, wengine wana ibada ya asubuhi. Niwaite saa ngapi? (Mama wa wawili, Tabata)

Saa nne na nusu. Aliyekesha atakuwa amepata usingizi kidogo, wa ibada ya kwanza ameshatoka zamani, na wa ibada ya pili atawakuta, mwekeeni chake. Ila usiseme "chakula cha mchana", maana watakuja saa tisa na njaa ya tangu Ijumaa Kuu. Sema chai. Chai ya saa nne ikiwa nzito inawafikisha saa nane bila mtu kuchungulia jikoni.

Tutakuwa ishirini, nusu watoto. Nipike nini nisishinde jikoni? (Kimara)

Supu, chapati, vitumbua, mayai, matunda. Basi.

Supu ya kuku wa kienyeji ichemshe Jumamosi jioni, ikipoa iingie kwenye friji, asubuhi ni kuipasha tu. Ndimu na pilipili vikae pembeni, watoto wapo. Unga kilo moja hutoa chapati kumi hadi kumi na mbili, kwa hiyo kilo tatu zinakutosha. Kanda usiku, kata madonge, yapake mafuta, funika, weka kwenye friji.

Kwenye vitumbua ndipo wengi wanapoharibu. Mchele uloweke Jumamosi, lakini usisage usiku ukaacha mchanganyiko mezani hadi asubuhi. Kwa joto letu utaamkia uchachu. Saga alfajiri na tui, iliki na hamira kidogo, kisha nenda ukaoge. Ukirudi ukakuta povu dogodogo juu, injika kikaango. Na matunda nunua mazima, ukate mwenyewe.

Watoto wanataka kupaka mayai rangi, lakini mayai ya dukani kwetu yote ni ya kahawia. (Baba Neema, Mbezi)

Tafuta ya kienyeji, maganda yake yana weupe-weupe na rangi inaonekana. Trei moja ni mayai 30, linatosha kila mtoto apake mawili matatu, na yale yatakayopasuka. Rangi usinunue. Muombe muuza vitunguu sokoni akukusanyie maganda makavu, huwa anayatupa. Yachemshe na mayai na kijiko cha siki, utapata rangi ya chungwa iliyoiva. Binzari ya manjano inatoa njano. Choya inashangaza: maji yake mekundu, yai linatoka na kijivu cha kibuluu.

Sasa fanyeni hivi. Mtoto achukue jani moja la giligilani, alilaze juu ya yai bichi, akaze kwa kipande cha neti kuukuu na uzi, ndipo litumbukizwe. Likishaiva na kupoa, fungua: jani limeacha picha yake nyeupe, mishipa na yote. Wangu walikaa kimya dakika arobaini kwa ajili ya hilo jani, jambo ambalo katuni haijawahi kulifanya.

Kuficha mayai kunafanyikaje? Sisi tunakaa ghorofani Kinondoni, na masika ndiyo hii. (Mama Junior)

Hata mwenye uwanja nisingemshauri afiche mayai halisi nje. Mwaka fulani niliyapanga vizuri chini ya mchongoma, watoto wakiwa bado wanavaa viatu. Kunguru walikuwa juu ya ukuta wakinitazama. Tulipotoka tulikuta maganda. Tena yai lililochemshwa lisizidi saa mbili nje ya friji, na joto likivuka nyuzi 32, hesabu saa moja.

Kwa hiyo ficha vikaratasi, mayai yabaki kwako. Kila mtoto mpe rangi yake, la sivyo mwenye miaka kumi atazoa vyote na wa miaka minne atalia hadi jioni. Wakubwa waandikie vitendawili. "Nyumba yangu haina mlango" inawapeleka kwenye trei la mayai. "Kuku wangu katagia miibani" inawapeleka kwenye nanasi. Vyote vimo humohumo ndani, mvua inyeshe itakavyo. Ikikatika, washushe chini wakacheze kombolela au mbio za ndimu kwenye kijiko.

Na huyo sungura wa Pasaka ametokea wapi? (Mbagala)

Ujerumani, wanaye tangu karne nyingi zilizopita. Yai lina sababu ya karibu zaidi: zamani Wakristo wengi hawakuruhusiwa kula mayai wakati wa Kwaresima, hivyo siku ya Pasaka yalikuwa yamejaa nyumbani. Sungura wetu wa hadithi ni mjanja mno kumbebea mtu mayai.

Majirani zetu Waislamu watakuja na watoto. (Temeke)

Kuku wachinjwe na Mwislamu, kitimoto isiingie jikoni siku hiyo hata kama ni ya shemeji, na uwaambie kabla hawajauliza. Watoto wao wapewe rangi zao kwenye vikaratasi.

Mama mkwe anasema bila pilau hiyo si sikukuu. (Ametaka nisitaje mtaa)

Pika pilau, mwanangu. Kilo mbili, na umuombe aje mapema akaange vitunguu mwenyewe.