Lenzi ya zamani ya anamofiki: jaribu kwenye nondo za dirisha

Adapta za anamofiki, yaani lenzi zinazobana au kutanua picha upande mmoja tu, kama Kowa 8-Z na Sankor 16-C zilitengenezwa kwa ajili ya projekta za filamu ya milimita 16, zitanue ukutani picha iliyobanwa. Ukiifunga mbele ya lenzi ya kamera inafanya kinyume: inabana upana mara mbili, nawe unautanua wakati wa kuhariri. Wengi wakiona picha haikolei hulaumu kioo. Kioo chenyewe mara nyingi kizima.

Chagua kwanza lenzi ya nyuma, yaani ile ya kamera. Kwenye sensa (kibamba cha kamera kinachopokea picha) kubwa ya upana wa milimita 36 anzia lenzi ya milimita 85, maana chini ya hapo pembe za picha huanza kuwa nyeusi. Mdomo wake usizunguke unapolenga, la sivyo adapta itazunguka nao na picha ipinde.

Kisha nyoosha adapta. Sawazisha kamera kwa pima maji, zima taa, washa tochi ya simu mita tatu mbele. Mstari wa mwanga unaokatiza picha lazima ulale sawasawa. Umeinama? Legeza skrubu za kibano, zungusha adapta kidogo kidogo, kaza. Usipofanya hivi, ukitanua picha kila kilichosimama wima kitaegemea upande.

Sasa fokasi (kulenga ili picha ikolee), na hapa ndipo watu huharibu. Unalenga mara mbili: lenzi ya nyuma na adapta. Adapta inabana upande mmoja tu, kwa hiyo makosa ya pande hizo mbili hayafanani. Elekeza kamera kwenye dirisha lenye nondo, kuza picha kwenye skrini. Nondo za kulala zikoleze kwa lenzi ya nyuma, kwa kuwa adapta haizigusi. Zikikaa vizuri, zungusha adapta mpaka za kusimama nazo zikolee. Rudia mara moja. Zikikolea za kulala huku za kusimama zina ukungu, usiiguse lenzi ya nyuma; adapta ndiyo haijafika. Apecha, yaani tundu la mwanga la lenzi ya nyuma, iwe f/4. Kwenye f/2, tundu likiwa pana zaidi, hata adapta nzuri hutoa picha yenye ukungu, na utapoteza saa nzima ukitafuta kosa lisilokuwepo.

Kwa mtu aliye karibu, weka mbele ya adapta kioo cha dayopta (cha kuvuta fokasi karibu) cha +0.5, na uache lenzi ya nyuma na adapta kwenye alama ya mbali kabisa: fokasi itakuwa mita 2. Cha +1 kinakupa mita 1. (Usibandike vioo vya bei poa viwili viwili, rangi zitachanganyika kingoni.)

Kuhusu umbo la picha (upana kwa kimo), 16:9 ikitanuliwa mara mbili inakuwa 3.56:1, kama utepe. Ukitaka 2.39:1 kutoka 3840×2160 utabakiza pikseli 2581 tu za upana, yaani theluthi nzima inatupwa. Ndiyo maana kamera inayorekodi 4:3, kama Panasonic GH5, inawafaa zaidi watu wa adapta hizi: unapata 2.66:1, na kinachokatwa ni kidogo sana.

Zima pia kitulizaji cha sensa, kile kinachopunguza mtikisiko. Kinahesabu urefu mmoja wa fokasi ya lenzi (zile milimita zake), wakati hapa upana na kimo vina urefu wa fokasi tofauti, na picha huyumba kama jeli.