Umegongwa na Trela? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Fidia

Wasomaji wa Kenya walio kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Malaba wameniandikia kuhusu ajali za malori. Nawajibu kwa sheria za huko.

Niligonga trela lililoachwa barabarani usiku, bila taa wala pembetatu. Kampuni ya bima inasema kosa ni langu. (Voi)

Usikubali upesi hivyo, ndugu yangu. Kuacha lori gizani bila ishara ya kuwaonya wengine ni kosa, na mara nyingi mahakama zimemtwika mwenye lori lawama kwa sababu hiyo. Lakini nawe utaulizwa kuhusu mwendo wako. Hakimu akiona asilimia 30 ya lawama ni yako, fidia inapungua kwa kiasi hicho hicho. Kama kuna mtu aliyepiga picha usiku ule, mtafute leo. Maana pembetatu zinaweza kuwekwa baadaye, majeruhi wakishapelekwa hospitali.

Dereva aliyetugonga alikuwa usukani tangu jana yake. Hilo lina uzito? (Gilgil)

Mkubwa. Sheria ya Trafiki hairuhusu dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Kwangu mimi, tajiri aliyempangia safari ya kukesha ana lawama kuliko dereva mwenyewe. Kazi ni kuthibitisha. Tafuteni rekodi za mizani ya Mariakani na Mlolongo, karatasi za mzigo kutoka bandarini, na data ya kifaa kinachofuatilia gari. Nyingi ziko mikononi mwa mnayemdai, kwa hiyo wakili aandike barua mapema kutaka zihifadhiwe.

Hata hivyo, sheria kuvunjwa hakutoshi. Lazima ionekane kwamba huko ndiko kulikoleta ajali. Lori lililozidisha mzigo likishindwa na breki mteremkoni, uhusiano uko wazi. Lori hilo hilo likigongwa kwa nyuma likiwa limesimama kwenye foleni, uzani wake haukusaidii sana.

Dereva ametozwa faini. Fidia yangu italipwa lini? (Salgaa)

Faini ni ya serikali, dada. Wewe unafungua kesi yako ya madai, na una miaka 3 tangu siku ya ajali. Hukumu iliyomtia dereva hatiani, ikishakuwa ya mwisho, itakuwa silaha yako mahakamani, maana hawezi tena kukana kosa hilo. Bima ya lazima ina kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kinachozidi unamdai mwenye gari.

Aliyesajiliwa kama mwenye lori anadai aliliuza zamani. (Mtito Andei)

Athibitishe. Sheria humhesabu aliyesajiliwa kuwa mmiliki mpaka kinyume kionyeshwe. Chukua nakala ya rekodi za gari kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani.

Mume wangu ni utingo. Lori lilipinduka akavunjika mguu. Tajiri anasema bima ya gari haimhusu. (Changamwe)

Pole sana, mama. Huenda kuhusu bima hiyo anasema kweli, ila anaficha nyingine: Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awe na bima kwa ajili ya wafanyakazi wake. Dai hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya miezi 12. Mwandikieni tajiri taarifa ya ajali wiki hii, mbaki na nakala yenye sahihi yake, na msiweke saini karatasi yoyote ya kumaliza dai kabla daktari hajasema mguu utaponaje.